Wageni viwandani Mtwara: tija inapanda lini, inashuka lini

Tangu Serikali ilipotoa amri ya Julai 2025 ya kuwazuia watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara, mazungumzo ya vijiweni hapa Mtwara yamekuwa yakichanganya mambo mawili. Kaa stendi ya Mkanaledi ukisubiri basi la Masasi, utasikia mmoja akisema wageni wote sasa wamepigwa marufuku. Mwingine atauliza, mbona basi wale wa kiwanda cha saruji kule Msijute bado tunawaona? Wa tatu anafunga mjadala: "Sheria za kwetu hizo, mjomba, zinamwona mnyonge tu."

Amri ile haikugusa ajira. Inahusu leseni ya biashara: duka la jumla na la rejareja (supamaketi haimo), uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi simu, saluni, uongozaji watalii, uchimbaji mdogo wa madini, ununuzi wa mazao shambani na nyingine za namna hiyo. Mgeni anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, na kibali chake kufutwa. (Kwa korosho, kile kipengele cha mazao shambani hakikubadili mengi. Hata raia haruhusiwi kununua shambani, ndiyo maana kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa magendo, hufanyika usiku. Mzigo unapita AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kisha ghalani na mnadani, na mfanyabiashara wa India au Vietnam hukutana nao huko.) Mgeni aliyeajiriwa kiwandani anaongozwa na sheria nyingine kabisa, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015.

Kwa hiyo kuna mgeni anayefungua duka jirani na lako, na kuna mgeni anayeingia kufanya kazi ndani ya biashara ya mtu mwingine. Wa kwanza tumeshamjadili mpaka tumechoka. Wa pili ndiye tunayemjadili vibaya, na juu yake swali la maana ni moja: akishaingia, kazi ya pale inazaa zaidi au inazaa kidogo?

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Tija ni kile kinachozalishwa ukikigawa kwa nguvu iliyotumika kukizalisha: kilo ngapi kwa mtu mmoja kwa siku, mifuko mingapi ya saruji kwa saa moja ya kazi. Kuzalisha kwa wingi ni jambo lingine, maana ukiajiri watu mara mbili ukapata mzigo mara mbili, tija haijasogea hata nukta. Faida nayo ni jambo lingine tena, tutaliona mbele. Na mgeni, au mhamiaji, kwa makala hii, ni yeyote aliyetoka kwao kuja kufanya kazi hapa, awe ametoka Kano, Mumbai, Mueda au Shinyanga. Sheria inatofautisha pasipoti. Hesabu ya tija haizioni.

Tuchukue kiwanda cha kubangua korosho cha kufikirika, tukiweke Newala. Kina mashine 40 za kubangulia za mkono na wabanguaji 40, wengi wao kina mama kama ilivyo kawaida ya kazi hiyo. Kila mmoja anatoa kilo 10 kwa siku, jumla kilo 400. Korosho haibanguliwi ikiwa mbichi. Inapikwa kwanza kwa mvuke ili ganda lilegee, na mvuke unatoka kwenye boila. Boila ya kiwanda hiki ni mkweche. Katika siku 24 za kazi za mwezi inazima siku 6, na siku hizo wabanguaji wanakaa wakipiga soga, kwa sababu hakuna korosho iliyopikwa. Mwezi unatoa kilo 7,200, yaani kilo 180 kwa kila mtu.

Sasa mwenye kiwanda anamleta fundi boila kutoka India. Boila inazima siku 1 tu kwa mwezi. Kiwanda kinatoa kilo 9,200. Gawanya kwa watu 41, maana fundi naye ni mtu, unapata kilo 224. Hakuna mbanguaji aliyeongeza kasi ya mkono, hakuna aliyefundishwa chochote, lakini tija ya kila mmoja imepanda kwa karibu robo. Mgeni mmoja ameondoa kizuizi kilichokuwa kinawakwamisha watu 40.

Badilisha hadithi. Badala ya fundi, mwenye kiwanda analeta wabanguaji 10 kutoka ng'ambo ya Ruvuma, yaani Msumbiji. Mashine ni zile zile 40, boila ni ile ile. Watu 50 wanapokezana mashine 40, na kwa siku mzigo ni kilo 400 kama zamani. Sasa ni kilo 8 kwa mtu, na tija imeshuka. Akinunua mashine 10 zaidi, mzigo unafika kilo 500 na tija inarudi kilo 10 kwa mtu, pale pale ilipokuwa. Kiwanda kimekua ila hakijawa na tija zaidi.

Nusu ya ubishi wa mitaani ungekwisha watu wakiitazama mifano hii miwili kwa pamoja. Mgeni anayefanya kazi ambayo hakuna mwenyeji anayeiweza kwa wakati huo anakamilisha nguvu iliyopo. Mgeni anayefanya kazi ile ile ya mwenyeji anaongeza mikono tu, na athari yake inategemea kama mtaji, yaani mashine, ardhi na majengo, nao utaongezwa. Anayesema "wageni wanaongeza tija" na anayesema "wageni wanaipunguza" wanaweza wote kuwa wakweli, kila mmoja akiwa ametazama kiwanda tofauti.

Na faida? Yule fundi ameongeza kilo 2,000 kwa mwezi. Mshahara wake, nyumba, tiketi ya ndege na ada za vibali vikifikia thamani ya kilo hizo 2,000, mwenye kiwanda hajapata kitu ingawa tija imepanda. Ndiyo maana dhana kwamba kampuni huleta wageni wenye ujuzi kwa sababu ni wa bei nafuu, kwa kawaida haisimami. Mtaalamu wa kutoka nje ni mzigo wa gharama. Kampuni inayoendelea kumlipa mwaka wa kumi kwa kazi inayofundishika ina tatizo la uongozi, au ina sababu isiyotaka kuisema.

Wengi tunaziona kazi kama sinia la wali: wakila saba likatosha, akija wa nane kila mmoja anapungukiwa tonge. Sinia la kazi halina ukubwa mmoja. Anayekuja kula naye ananunua, anapanga chumba, anapanda bodaboda, na wakati mwingine, kama fundi boila, ndiye anayewasha moto wa kupikia. Lakini tusidanganyane kwamba hakuna anayepungukiwa. Yupo, na mara nyingi ni mtu fulani anayejulikana.

Mwaka 1980 Wakyuba wapatao 125,000 waliingia Marekani kwa maboti ndani ya miezi michache, wengi wakabaki Miami. Nguvukazi ya mji ule iliongezeka kwa takriban asilimia 7 kwa mkupuo. Mchumi David Card alipochunguza, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990, hakuona mishahara ya wenyeji ikiporomoka. Miaka mingi baadaye George Borjas alirudia takwimu zile akitazama wanaume wasiomaliza sekondari peke yao, akasema hao waliumia. Wao na wafuasi wao wanabishana mpaka leo. Mimi naona jambo moja katika ubishi huo: wastani wa mji mzima unaweza kuwa mzuri huku kundi moja likilia.

Na hatuna haja ya kwenda Miami. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Kagera kwa muda wa siku moja hivi, mmoja wa mikupuo mikubwa kabisa ya wakimbizi iliyowahi kuandikwa. Wachumi waliofuatilia kaya za Kagera kwa miaka waliona mgawanyiko. Mkulima mwenye shamba lake alipata vibarua wa bei nafuu na soko la ndizi zake. Kibarua mwenyeji aliyeishi kwa kulima mashamba ya wengine alikuta ujira wake unagombewa. Mkoa ule ule, wakimbizi wale wale, na majibu mawili.

Huku Kusini tuna historia yetu ya namna hiyo. Mashamba ya mkonge ya Lindi, Kikwetu likiwa mojawapo, yalitegemea sana watu waliovuka Ruvuma wakikimbia kazi za shuruti na kilimo cha lazima cha pamba chini ya Wareno. Bila wao mkonge mwingi usingekatwa. Lakini kisu kilibaki kisu, na mtu aliyekimbia shuruti hana nguvu ya kudai ujira. Mzigo uliongezeka. Sioni sababu ya kuamini kwamba tija ya mtu mmoja ilipanda, wala kwamba mwenye shamba aliona haja ya kuipandisha.

Hapo pana jambo ambalo watetezi wa wageni huliruka: mikono ya bei nafuu inaweza kumfanya mwajiri asinunue mashine. Marekani ilikuwa na mpango wa kuleta vibarua wa mashambani kutoka Mexico, ulioanza mwaka 1942 na kufungwa mwisho wa 1964 kwa hoja kwamba ukifungwa, ujira wa Wamarekani utapanda. Watafiti walipokuja kulinganisha majimbo yaliyopoteza vibarua wengi na yale ambayo hayakuwa nao, hawakuona tofauti ya ujira iliyotarajiwa. Wakulima wa nyanya walinunua mashine za kuvunia, na wenye mazao yasiyokuwa na mashine walipunguza kilimo. Hadithi hii inawaumiza wote wawili: anayedhani kufukuza wageni kutapandisha mishahara, na anayedhani kibarua rahisi hana gharama. Tija ya shamba la nyanya ilipanda kweli, baada ya vibarua kuondoka.

Basi je, mtaalamu wa kigeni ndiye dawa ya uhakika? Nendeni Nachingwea.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni 3. Walikuja mameneja, wahandisi, wanajeshi wastaafu, matrekta yaliyobaki vitani. Kwa kipimo cha "mgeni huleta ujuzi", hapakuwahi kuwa na mahali penye ujuzi mwingi hivyo katika nchi hii. Mradi ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu, karanga hazing'oki. Mvua haikunyesha kama ilivyopangwa kwenye makaratasi. Mashine zilikatika meno kwenye vichaka. Wenyeji waliokuwa wakilima maeneo yale miaka nenda rudi walikuwa na habari zote za mvua na udongo, ila nafasi waliyopewa ilikuwa ya kibarua, na kibarua haulizwi. Kwetu ilibaki bandari ya Mtwara, na reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wataalamu wale walijua matrekta na hawakujua Kongwa. Ujuzi wa mgeni huzaa unapokutana na ujuzi wa mwenyeji. Ukikaa juu yake ukaukandamiza, unaungua na fedha zote.

Korosho inatupa mfano wa upande wa pili, na huu naupenda zaidi. Mkorosho wenyewe ni mhamiaji, uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa tumeanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: bei mbovu, watu kuhamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao mbali, na ugonjwa wa ubwiri unga uliokuwa ukikausha maua kabla hayajashika. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kilomita chache tu kutoka mjini Mtwara, kilifanya kazi na watafiti wa Uingereza kutafuta namna ya kutumia salfa na kuchagua aina za mikorosho. Wageni wale walikaa kwa miaka, wakafanya kazi bega kwa bega na Watanzania, wakaondoka. Mabomba ya salfa unayoyasikia yakinguruma Tandahimba kila Juni na Julai ni matokeo yake. Leo wataalamu wa korosho kutoka nchi nyingine za Afrika wanakuja Naliendele kujifunza.

Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba watafiti wale walichukua kazi za watu, na sidhani ni kwa sababu tulikuwa wakarimu zaidi zamani. Waliacha kitu ambacho mkulima wa darasa la saba anakitumia bila wao.

Sheria ya 2015, ukiisoma kwa jicho hili, inajaribu kulazimisha mfano wa Naliendele. Mwajiri anayetaka mgeni anatakiwa kwanza aonyeshe kwamba ametafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa. Anatakiwa kuwa na mpango wa kurithisha ujuzi. Kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi, kina ukomo wa miezi 24, na hata kikihuishwa muda wote kwa kawaida hauzidi miaka 5. Kibali cha ukaazi ni karatasi nyingine, cha Idara ya Uhamiaji. Watu huvichanganya, na mwenye kimoja bila kingine hana ruhusa kamili ya kufanya kazi.

Udhaifu uko kwenye ule mpango wa kurithisha. Ni rahisi kuuandika. Unaandika jina la kijana mmoja kutoka Mikindani, unasema ni msaidizi wa fundi, anapewa ovaroli na kazi ya kushika tochi. Baada ya miaka 5 ameshika tochi miaka 5. Mkaguzi wa kazi anaona jina, anaona saini, anapiga muhuri. Kuna njia nyepesi ya kupima: mgeni akienda likizo mwezi mzima, mashine inazimika? Ikizimika, karatasi ya urithi ni karatasi tu.

Inawezekana pia kufanyika vizuri. Mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba na bomba linalokwenda Dar es Salaam vilijengwa na kampuni ya Kichina, kwa mkopo wa China, na kukamilika mwaka 2015. Tunakumbuka ilivyokuwa hapa mwaka 2013, moto na mabomu ya machozi kwa sababu ya bomba hilo hilo. Uendeshaji sasa uko chini ya GASCO, kampuni tanzu ya TPDC, shirika la petroli la Taifa. Waliojenga waliondoka, na gesi inakwenda.

Ubishi mwingine wa mwaka 2013 ulikuwa juu ya wageni wasiohitaji kibali chochote. Watu walikuwa wakisema kazi zitakwenda kwa vijana wa Dar. Kiuchumi mchomeleaji kutoka Temeke hana tofauti na mchomeleaji kutoka Lagos: anakamilisha nguvu iliyopo au anaigombea. Tofauti ni kwamba kwa huyu wa Temeke hakuna mwajiri anayelazimika kuandika mpango wa kumrithisha kijana wa Msimbati. Naona hilo ni pengo, ingawa sitaki tuanze kupeana vibali vya kuvuka Rufiji, maana wenyewe tumejaa Kariakoo tukiuza.

Utafiti mmoja wa Denmark unafaa kutajwa hapa. Kati ya 1986 na 1998 wakimbizi kutoka Bosnia, Somalia, Iraki na kwingineko waligawiwa kwenye halmashauri mbalimbali, bila kuzingatia sana kama huko kuna kazi. Hilo liliwapa watafiti njia safi ya kulinganisha. Wenyeji wenye elimu ndogo katika maeneo yaliyopokea wengi walihamia polepole kwenye kazi zisizo za mabavu, zile zinazohitaji kuzungumza lugha na kusimamia, na mishahara yao ikapanda. Lakini Denmark ni nchi ambayo mtu akitaka kubadili kazi anapata mafunzo. Mbanguaji wa Newala akisukumwa kutoka kwenye mashine hapandi kuwa msimamizi kwa sababu tu nafasi ipo. Lazima kuwe na mahali pa kujifunzia, na awe na cha kula wakati anajifunza.

Ndiyo maana mimi huwa natazama VETA, vyuo vya ufundi stadi, kuliko uwanja wa ndege. Mradi wa gesi asilia iliyosindikwa wa Likong'o, Lindi, umekuwa ukijadiliwa kati ya Serikali na kampuni, Equinor na Shell zikiwemo, kwa zaidi ya miaka 10. Siku mkataba ukisainiwa, ujenzi utataka maelfu ya watu kwa miaka michache, kisha mtambo utabaki ukiendeshwa na mamia. Mchomeleaji wa mabomba ya gesi haandaliwi kwa kozi ya miezi mitatu. Lazima awe na cheti kinachotambulika kimataifa, na kila aina ya uchomeleaji ina mtihani wake. Kijana wa Mchinga anayetaka kuwa mmoja wao anatakiwa awe ameshaanza. Mkataba ukimkuta bado anatafuta ada, kampuni italeta wageni, itakuwa ndani ya sheria, na mbele ya Kamishna wa Kazi itaweza kusema kweli tupu kwamba imetafuta Mtanzania ikamkosa.